Marudio: siku sita za kwenda Makongolosi na kurudi

Jumanne. Tukuyu hadi Mbeya

Mama alinikabidhi vitu viwili na sharti moja. Noti tano za elfu kumi zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge, sweta la kijani lililokuwa la marehemu baba, na sharti lenyewe, kuhusu mdogo wangu ninayekwenda kumtafuta: "Usimwulize chochote mpaka ale." Nikamwambia nauli ninayo. Akasema, "Najua unayo. Hii ni yangu mimi."

Mimi ni mhazini wa ushirika wetu wa Kanisa la Moravian, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo safari nimeifungulia daftari. Ukurasa wa kushoto matumizi, wa kulia yaliyotokea. Leo kushoto pana 4,000 za Coaster ya Mbeya, 1,500 za chai na chapati mbili, na 12,000 za gesti.

Kisa kwa ufupi. Miaka minne iliyopita mdogo wangu alikuwa anatunza fedha za vijana wa kanisa. Walikuwa wamekusanya shilingi 1,840,000 za mabati kwa kubeba mawe, kuuza ndizi na kuimba kwenye harusi za watu. Asubuhi moja fedha hazipo, naye hayupo. Wiki mbili baadaye tukasikia yuko Chunya kwenye dhahabu. Nani alilipa? Niliuza ng'ombe wa maziwa na ndama wake, nikajazia na malipo yangu ya majani ya chai ya miezi mitatu. Mabati yakanunuliwa, yakapigwa, watu wakaimba. Ndiyo maana wahubiri wanapofika pale kwenye ndama aliyenona, yule aliyechinjiwa mwana mpotevu aliporudi kwa baba yake, huwa nainamisha kichwa. Ndama wangu aliondoka kabla mwenyewe hajarudi, na nilimtoa huku nasaga meno.

Mvua ilitusindikiza KK, Kiwira, mpaka Isongole. Pale Kiwira, kina mama walipokuwa wanagombania dirisha na mikungu yao ya ndizi, akapanda mhubiri wa kwenye mabasi, Biblia kwapani, sauti kubwa kuliko injini. Akafungua Luka 15, sura ileile! Nikageukia dirishani.

Alikaza sana kwenye nguruwe. Alivyowaeleza, ungedhani dhambi ya yule kijana ni kulisha nguruwe. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akanung'unika, "Mbona sisi tunafuga?" Watu wakacheka. Na kweli, Rungwe nzima nguruwe ni ada ya shule. Ilitakiwa awaeleze kwamba kwa Myahudi, kwa sheria ya Walawi 11, nguruwe ni najisi, hivyo kijana wa Kiyahudi kuwachunga na kuyatamani maganda yao, yale ya mti wa mkarobu, ni kufika mahali ambapo hata jina la ukoo halimfuati. Lakini nilinyamaza. Mhazini hahubiri kwenye basi. Nilimpa mia tano (ipo kushoto).

Jumatano. Mbeya, Chunya, Makongolosi

Kutoka Mbeya hadi Chunya ni kilomita 72, lami. Gari linaanza kupanda hapohapo mjini, linaingia msitu wa Kawetere, na ukungu unakuja mpaka kwenye kioo. Nililivaa sweta la baba. Linanibana mabegani; kati yetu sisi wawili, mwenye mwili wa baba ni yule aliyekimbia.

Ukishavuka mgongo wa mlima dunia inageuka. Kulia unaona bonde la Usangu limelala chini kama shuka iliyoanikwa, halafu unateremka, unateremka, sweta linatoka, koti linatoka, migomba umeiaga, imebaki miti ya miombo na vumbi jekundu. Chunya nilikula wali maharage, nikapanda Noah ya Makongolosi, kilomita 39 zaidi, tumekaa kumi na mmoja pamoja na jenereta.

Njia hii babu yetu aliipita kwa miguu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 Wazungu na Wahindi walishajaa huku, na vijana wa Kinyakyusa walitelemka kwa makundi kutafuta kodi na mahari. Babu alirudi na baiskeli. Wengine hawakurudi, na nyumbani majina yao yalitajwa kwa sauti ya chini, kama unavyotaja deni.

Makongolosi jioni: karasha zinasaga mawe pande zote, redio zinashindana, vijana wamepauka vumbi mpaka kope. Nimepata chumba cha 10,000, mlango unafungwa kwa kamba.

Hapa lazima niandike jambo ambalo mama halijui. Namba ya simu ya mdogo wangu ninayo tangu mwaka juzi. Alinipa mfanyabiashara wa ndizi wa Kiwira anayeleta mzigo huku. Niliiandika nyuma ya kitabu cha risiti, na kila nilipokata risiti ya sadaka niliiona. Sikupiga. Mama alipokuwa akisema, "Tungejua tu yuko wapi," nilikuwa naitikia, "Mungu anajua, mama."

Alhamisi. Makongolosi

Nikaipiga leo asubuhi. Haipatikani.

Basi nikazunguka. Huku watu hawaitani kwa majina ya ubatizo. Kuna Kahama, kuna Tarime, kuna Mjeda, kuna Bosi Kesho. Nikaulizia kijana wa Rungwe, mrefu, ana kovu la panga kwenye goti. Mzee mmoja mlinzi wa karasha akasema, "Huyo Tukuyu. Yule anayeimba nyimbo za kanisani akishuka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Nenda kule mwaloni."

Mwaloni ndiko wanakooshea. Mawe yakishasagwa yakawa unga, unga unamwagwa na maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia. Dhahabu nzito inanasa kwenye nyuzi, uchafu unateremka. Nilimwona kwa mgongo. Ameinama kwenye ubao, fulana imepasuka, na ule mgongo ni wa baba kabisa, mpaka nikasimama.

Akageuka. Mikono imejaa tope, akaificha nyuma.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Mama alisema nisiulize chochote mpaka ale. Palikuwa na mama ntilie hatua kumi kutoka pale, moshi unaonekana, harufu ya samaki inakuja. Nikamuuliza, "Ile fedha iko wapi?"

Hakushangaa. Alinawa kwenye pipa, akaenda kwa yule mama ntilie, akarudi na kopo la maziwa ya unga limezibwa kwa nailoni. Ndani palikuwa na fedha na kikaratasi kilichokunjwa mpaka kimetoboka kwenye mikunjo. Ameandika kila alichoweka. Mwandiko wetu ni mmoja, wa baba, zile saba zenye mkato katikati. Jumla: 1,130,000.

"Bado laki saba na elfu kumi," akasema. "Nilipanga nikifikisha yote ndiyo nije. Niwaombe wazee wanipe hata ulinzi wa kanisa, nilale stoo, nisiwe mzigo kwa mama. Sitaki kuimba wala kushika kitu cha watu. Ulinzi tu."

Nilimwacha aseme mpaka mwisho. Alipomaliza ndipo nikamwambia, "Ililipwa."

"Nini?"

"Mabati. Yalinunuliwa mwaka uleule."

Akakaa chini kwenye rundo la magunia majimaji. "Nani alilipa?" Sikujibu, naye akajua. Karasha ya jirani ilizimwa wakati ule, mafuta yaliisha nadhani, pakawa kimya kile ambacho huku hakipo.

"Kaka," akasema, "mbona hamkuniambia?"

Chakula kilikuja. Hakula. Mimi nilikula, kwa aibu, nikiwa sina pengine pa kuweka macho. Samaki, ugali, mchicha, 3,000 kwa sahani, sahani mbili.

Ijumaa. Makongolosi

Hawezi kuondoka leo. Ana fungu lake na wenzake watatu, wanaosha marudio, na akiondoka kabla ya kugawana ataitwa mwizi mara ya pili. Hilo amelisema yeye mwenyewe.

Marudio nilikuwa silijui. Unga ukishaoshwa na dhahabu ikatolewa, mchanga unaobaki haumwagwi. Unarundikwa, unauzwa, unaoshwa tena. Nikamuuliza kwa nini wanarudia kuosha takataka. Akanitazama kama mtoto wa mjini. "Kaka, zebaki haishiki yote. Mara nyingi hata nusu haifiki. Wenye plenti, mitambo ya kuchenjulia, wananunua haya marudio wanayaweka kwenye dawa kali, wanatoa dhahabu kuliko mwenye duara aliyechimba." Akachota mchanga wa kijivu, akaumimina kiganjani kwangu. Kwa macho yangu ni mchanga wa kupigia lipu.

Jioni nikaona wanavyomalizia. Karai moja, maji kidogo, zebaki imebingirika ndani kama kitu kilicho hai. Mwenzake anakoroga kwa mkono mtupu. Nimewasema, wakacheka, nikawasema tena, maana ile ni sumu na wanaichoma hatua mbili kutoka kwenye sufuria za chakula. Anakamua kwenye kitambaa, zebaki inapenya, inabaki punje ya rangi ya bati, ndogo kama punje ya mahindi iliyoliwa na fukusi. Ikawekwa kwenye kijiko juu ya moto. Ikanywea, ikapauka, halafu taratibu, kuanzia ukingoni, ikageuka njano. Wote wanne walinyamaza mpaka ilipomaliza. Zamani walikuwa wakimuuzia yeyote mwenye mizani mfukoni. Tangu masoko ya madini yalipoanzishwa 2019 wanapaswa kupeleka huko. Sikumwuliza fungu lake ni shilingi ngapi. Nimejifunza kidogo.

Usiku, mshumaa, umeme umekatika.

Nimekisoma tena kile kisa. Yule kijana alitunga maneno yake akiwa kwa nguruwe, na yana vipande vitatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika alitoa viwili. Cha tatu hakikutoka. Baba yake alishawageukia watumwa: "Lileteni upesi vazi lililo bora." Nimefundisha sura hii darasa la kipaimara sijui mara ngapi, na siku zote nilikuwa nawaambia watoto watazame mbio za yule mzee, mtu mzima kukunja kanzu na kukimbia barabarani. Sikuwahi kuona kwamba alimkatiza. Kijana alikuja kuomba ajira, akakatizwa kabla hajafika kwenye ajira.

Mdogo wangu alitoa vipande vyote vitatu, na ulinzi na stoo, mpaka nukta ya mwisho. Nilimwachia njia yote. Ukweli ni kwamba nilitaka kuisikia. Miaka minne nilikuwa naingoja ile sentensi, na ilipokuja nilikuwa nimeshika habari mdomoni kwamba haihitajiki.

Na kile kinachoanzisha sura yenyewe, watu wanakiruka. Mafarisayo hawakulalamika kwamba Yesu anawasamehe watu. Walisema, "Mtu huyu huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao." Kilichowaudhi ni sahani. Mama hajasoma zaidi ya darasa la nne, ila sharti lake lilikuwa la chakula.

Jumamosi. Kurudi

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Mali yake yote inaingia kwenye mfuko wa salfeti. Wenzake walikuja kumuaga na taulo mabegani; mmoja alimpa tochi ya kichwani.

Kopo la fedha alinipa Chunya, tukingoja gari lijae. Nikakataa, akaliacha kwenye mapaja yangu. Sasa fedha ziko kwenye bahasha ndani ya daftari hili, na sijui niziandike kushoto au kulia. Ndiyo mara ya kwanza kwenye miaka kumi na moja.

Tulipoanza kupanda mlima akaanza kutetemeka, fulana ileile. Nikampa sweta. Akalishika muda mrefu kabla ya kulivaa, akalinusa. Lilimkaa sawasawa.

"Wazee watasema nini?" akauliza.

Nikamweleza utaratibu, kama haujui. Mtu aliyeanguka anaitwa na baraza, anaandika barua, anakaa nje ya Meza ya Bwana kwa muda, kisha siku moja anasimamishwa mbele ya watu na kurudishwa kundini. Sisemi utaratibu ni mbaya, nimeusimamia mimi mwenyewe. Wale vijana walibeba mawe, wana haki ya kusikia "samahani" kwa masikio yao. Lakini nimeona pia watu waliokufa wakiwa bado benchi la nyuma, barua haijajibiwa kwa sababu kikao hakikutimia akidi.

Halafu, sijui kwa nini, nikamsimulia Herrnhut, kijiji lilikohuishwa kanisa letu. Tuliisoma wote utotoni, tukaisahau wote. Kwamba mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walifika kwenye ardhi ya Zinzendorf huko Ujerumani, akawapa mahali pa kujenga. Kwamba waligombana vibaya mno, watu wa imani hao, mpaka tarehe 13 Agosti 1727 walipokaa pamoja kwenye Chakula cha Bwana pale Berthelsdorf wakapatana. Watu wa kanisa lile ndio waliofika Rungwe mwaka 1891. "Walikuwa wakimbizi wa imani, kaka," akasema. "Si wezi wa mabati." Nikasema ni kweli. Tukanyamaza mpaka Uyole.

Mvua ilikuwa inatungoja nyumbani. Tulishuka barabarani, tukapita kwenye chai, tope mpaka kwenye vifundo. Mama miguu haimruhusu kukimbia. Alikuwa jikoni, moshi unatoka kwenye majani ya paa, na aliposikia mbwa habweki alijua ni wa hapahapa.

Mdogo wangu akasimama mlangoni pa jiko. Akavua kofia. "Mama," akasema, "nimeku..."

"Ingia, unanyeshewa. Nawa mikono."

"Mama, mimi..."

"Maji yako hapo kwenye ndoo. Nawa."

Akanawa. Nikasikia kijiko kikikwaruza sufuria, nikasikia mama anasema, "Ndaga, mwanangu, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa; zaidi ya hapo sikusikia kitu kwa sababu niliondoka. Nilikwenda zizini. Nikajiambia naangalia kama ng'ombe wamekatiwa majani. Ng'ombe yupo mmoja, na alikuwa amekatiwa. Nilisimama pale mahali alipokuwa anafungwa yule niliyemuuza, kigingi bado kipo, na nikaona uchungu kama wa jana, nauandika kwa sababu daftari ni langu. Hakuna aliyeniambia mimi kwamba nimenyeshewa.

Sijui muda gani. Nikasikia fimbo kwenye tope. Mama, kitenge kichwani, amekuja mwenyewe, na ule mteremko wa zizini hajaushuka tangu Krismasi.

"Namba yake ulikuwa nayo," akasema.

Nikakaa kimya.

"Yule muuza ndizi aliniambia mwaka juzi kwamba amekupa. Nikasema nitamngoja na huyu." Akanishika mkono wa shati, kama tulivyokuwa tunashikwa kwenda shule. "Ndizi za mbalaga zinapoa. Twende, kwenye tope hili siwezi kupanda peke yangu."

Jumapili. Nyumbani

Mvua bado. Mdogo wangu amevaa suruali yangu, fupi, na sweta. Kabla ya ibada mmoja wa wazee alinivuta pembeni akaniuliza kama "yule" amekuja na barua. Nikamwambia bado. Akaniuliza atakaa wapi. Nikasema atakaa nyuma.

Nilisoma taarifa ya mapato kama kawaida, nikaikunja, na badala ya kurudi kwenye kiti cha wahazini nikaenda nyuma. Watu waligeuka, wakajifanya hawakugeuka. Kutoka kwenye lile benchi kuna nguzo inayoficha nusu ya ukuta wa madhabahu. Yule Mwanakondoo wetu mwenye bendera, nembo ya Moravian, haonekani, inaonekana bendera tu. Miaka yote sikujua.

Katikati ya wimbo wa pili akanigusa kwa kiwiko. Alikuwa anatazama juu.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

Akaendelea kuyatazama, safu kwa safu, kama anayehesabu. Tone likamdondokea begani, kwenye sweta. Jingine likadondoka kwenye kitabu cha nyimbo.

"Hapa wamepiga misumari bondeni badala ya mgongoni," akanong'ona. "Ndiyo maana panavuja. Ngazi bado iko kwa mchungaji?"

"Iko."

Nikasogea kidogo, naye akasogea, tukaliacha lile tone lidondoke katikati yetu.